Ngozi inapougua, moyo nao unaumia: mambo ambayo kila familia inapaswa kujua

Mtu akiwa na malaria, jirani anapita kumwona na kumwambia "pole". Mtu huyohuyo akitokewa na mabaka usoni ao vipele mikononi, jirani anasimama mbali kidogo na kumuuliza: "Ulifanya nini?" Hapo ndipo magonjwa ya ngozi yanapoachana na magonjwa mengine. Figo, ini na tumbo vinaugua kwa siri. Ngozi inaugua mbele ya watu wote: ku soko, ku masomo, mu teksi, ku kanisa ao ku musikiti.

Watu wanaopitia hali hii si wachache. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba wakati wowote ule watu wapatao bilioni 1.8 duniani wako na shida fulani ya ngozi. Mwezi wa tano mwaka 2025, Mkutano wa Afya Duniani uliofanyika Geneva ulipitisha azimio la kuomba nchi zote ziyape magonjwa ya ngozi nafasi ya kwanza mu mipango yao ya afya, na kupiganisha haya na ubaguzi vinavyofuatana nayo.

Makala hii inaeleza mambo manne: mgonjwa anapitia nini moyoni, juu ya nini haya inaweza kuharibu mwili kuliko ugonjwa wenyewe, magonjwa gani yanaambukiza na gani hayaambukizi, na nini familia inaweza kufanya kuanzia leo.

Mgonjwa anapitia nini

Jambo la kwanza ni kujificha. Mtu anavaa mikono mirefu wakati wa jua kali. Mama anafunga kitambaa mpaka karibu na macho. Kijana anaacha kucheza mupira juu hataki kuvua shati mbele ya wenzake. Ku mkutano wa kartiye anakaa nyuma, na picha ikipigwa anatoka pembeni.

Jambo la pili ni mkono. Kwetu salamu ni mkono, na mara nyingi mkono unashikwa muda mrefu. Mwenye ugonjwa wa ngozi anajua haraka nani ameanza kumsalimia kwa kichwa tu, ao kwa kunyoosha mkono wa nguo. Hakuna aliyemtukana, lakini anarudi nyumbani akiwa ameelewa. Kiisha anaanza yeye mwenyewe kurudisha mkono nyuma, mbele mwengine hajamkataa.

Jambo la tatu ni mfuko. Mama anayeuzisha mandazi, samaki ao fufu akitokewa na kitu mikononi, wateja wanapita wanaenda kwa meza ya pembeni. Anapoteza mchuzi wa jioni, anapoteza zamu yake mu likelemba, na ugonjwa unakuwa deni. Kwa msichana ao kijana anayetafuta kuoa, inakuwa maswali ya wakwe: "Hii kitu iko mu jamaa yao?" Kwa mutoto ku masomo, inakuwa jina la kucheka ambalo linaweza kumfuata mpaka ukubwani.

Jambo la nne ni usiku. Magonjwa mengi ya ngozi yanawasha, na kuwasha kunazidi usiku. Mtu asiyelala juma nzima anakuwa na hasira, anasahau, anagombana na bibi yake ao bwana yake, anashindwa kazi. Watu wa nyumba wanasema amebadilika tabia. Kweli amebadilika, lakini ni usingizi unaomkosa.

Juu ya hayo yote kuna maneno: sumu, ulozi, laana, uchafu, uzinifu. Maneno haya yanamwambia mgonjwa kwamba ugonjwa ni kosa lake, ao kwamba kuna mtu mu jamaa anayemtafuta. Akiamini hivyo, hataenda kwa munganga. Ataenda kutafuta mlozi, ao atakaa kimya.

Maswali kumi ya Cardiff

Waganga walikuwa kwa muda mrefu wanapima ugonjwa wa ngozi kwa kuangalia ukubwa wa doa. Mwaka 1994, waganga wawili wa Cardiff, nchi ya Wales, Finlay na Khan, walitoa karatasi ya maswali 10 ya kumuuliza mgonjwa mwenyewe. Inauliza juu ya juma moja lililopita: je, ngozi imekuwasha ao kukuuma? Umesikia haya juu yake? Imekuzuia kwenda ku soko ao kufanya kazi za nyumba? Imekuchagulia nguo za kuvaa? Imekusumbua kazini ao mu masomo, mu michezo, na marafiki, mu mambo ya kitanda? Na matibabu yenyewe, yanakula muda wako ao kuchafua nyumba?

Kila jibu linapewa kuanzia 0 mpaka 3, na jumla ya juu kabisa ni 30. Mtu akipita 10, ugonjwa umeharibu maisha yake sana. Karatasi hii imetafsiriwa mu lugha nyingi na inatumiwa mu nchi nyingi mpaka leo.

Ilifundisha kitu kimoja cha maana: doa dogo usoni linaweza kumtesa mtu kuliko baka kubwa mgongoni. Kwa hiyo neno "hii ni kitu kidogo tu" si faraja. Anayejua ukubwa wake ni yule anayeibeba.

Mawazo yanarudi ku ngozi

Wakati mutoto anaanza kuumbika mu tumbo la mama, ngozi na ubongo vinatoka mu tabaka moja. Mpaka ukubwani vinaendelea kusemezana. Mtu akiwa na mawazo mingi, vita, kukimbia, kufiwa, madeni, mwili unatoa homoni za mashaka, na ulinzi wa mwili unavurugika. Ndiyo maana egzema na psoriazi, ule ugonjwa wa mabaka yenye magamba ku viwiko, magoti na kichwa, vinaweza kuwaka tena kiisha siku za taabu.

Ni duara. Ngozi inawasha, mtu anakwaruza, ngozi inaharibika, watu wanaangalia, moyo unaumia, usingizi unakosa, na kesho yake ngozi inawasha zaidi. Kuikata kunahitaji mikono miwili: dawa ya ngozi upande mmoja, utulivu wa moyo upande mwengine. Hii haina maana kwamba ugonjwa uko "mu kichwa" tu. Ugonjwa ni wa kweli, na dawa yake ni ya kweli.

Yapi yanaambukiza, yapi hayaambukizi

Woga mwingi unatoka mu kutokujua. Haya hayaambukizi hata kidogo, si kwa mkono, si kwa kikombe, si kwa kitanda:

– Vitiligo, mabaka meupe yanayotokea wakati ulinzi wa mwili unashambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Inapata karibu mtu 1 juu ya 100, na wengi wanaanza kuiona mbele ya miaka 30. Si ukoma. Mabaka ya vitiligo yanasikia: ukigusa, mtu anajua umegusa.

– Egzema na psoriazi.

– Chunusi za vijana.

– Ualbino, ambao mtu anazaliwa nao.

– Makovu ya moto, ya vidonda na ya ugonjwa uliokwisha kupona.

Mwanamuziki Michael Jackson alisemwa miaka mingi kwamba alikuwa anajichubua ngozi. Mwezi wa pili 1993 alimwambia Oprah Winfrey mu televizyo kwamba iko na ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi. Wengi hawakuamini. Kiisha kufa kwake mwaka 2009, uchunguzi wa maiti ulihakikisha: ilikuwa vitiligo. Kama mtu tajiri na maarufu vile aliishi mu kusengenywa namna ile, tufikirie mama wa Uvira ao kijana wa Butembo asiyekuwa na kipaza sauti cha kujieleza.

Mengine yanaambukiza, lakini kila moja ina njia yake, na yanatibika ao yanapona. Tunaeleza matatu ambayo watu wa mashariki mwa Congo wanayajua.

Upele: mu nyumba yenye watu wengi

Upele, ambao wengi huku wanauita gale, unaletwa na mdudu mdogo sana anayechimba mu ngozi na kutaga mayai. Unapita kwa kulala pamoja ao kushikana muda mrefu. Ndiyo maana unapenda kambi za wakimbizi wa ndani, nyumba za familia nyingi, magereza na mabweni ya masomo. Sababu ni msongamano, si uchafu. Hata mwenye kuoga mara mbili kwa siku anaweza kuupata.

Mtu anayeupata mara ya kwanza anaweza kukaa juma 4 mpaka 6 bila kuwasha, na muda huo wote anaambukiza. Kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta "nani alituletea". Dawa ziko: ya kupakaa, kama vile benzoati ya benzili ao permetrini, ao ya kumeza, ivermektini, kwa kipimo cha munganga. Sheria ni moja: nyumba nzima inatibiwa siku moja, hata wasiowasha. Nguo na mashuka yanafuliwa na mayi ya moto na kuanikwa juani, ao kufungwa mu mfuko wa plastiki siku kadhaa. Ukimtibu mutoto mmoja na kumtenga kwa mukeka wake, upele utarudi, na mutoto atabaki na haya ya bure.

Mpox: kidonda kinapona, jina linabaki

Mtu wa kwanza kujulikana na mpox alikuwa mutoto mdogo wa Basankusu, jimbo la Equateur, mwaka 1970. Mwezi wa tisa 2023, ugonjwa ulianza kupamba moto ku Kamituga, mji wa zahabu mu teritware ya Mwenga, Kivu Kusini. Tarehe 14 mwezi wa nane 2024, OMS ilitangaza hali ya hatari ya kimataifa. Chanjo zilianza kutolewa ku Goma mwezi wa kumi mwaka huohuo. OMS iliondoa tangazo lile mwezi wa tisa 2025, lakini ugonjwa wenyewe haukumalizika mu inchi.

Juu wengi wa wagonjwa wa kwanza wa Kamituga waliupata kwa njia ya ngono, watu walianza kuuona kama ugonjwa wa aibu. Kiisha uliingia mu nyumba, na watoto wakaupata kwa kulala kitanda kimoja na wakubwa wao. Lakini jina lilikuwa limekwisha kuchafuka, na mtu anayeogopa jina anaficha vipele. Anayeficha vipele anaambukiza wale anaowapenda. Hata jina la zamani, lile la "variole ya nyani", OMS ililibadilisha mwaka 2022 juu lilikuwa linatumiwa kudharau watu.

Mpox mara nyingi inapona mu juma 2 mpaka 4. Mtu anaambukiza mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya ifunge. Kutoka hapo, madoa yanayobaki ni makovu tu, hayaambukizi, na mengi yanaendelea kufifia mu miezi inayofuata. Aliyeruhusiwa na waganga kurudi nyumbani anapaswa kurudi kweli: ku meza, ku kitanda, ku kazi yake.

Ukoma: pale haya inapoharibu vidole

Vidudu vya ukoma viligunduliwa mwaka 1873 na munganga wa Norway, Gerhard Armauer Hansen. Tangu 1995 dawa zake zinatolewa bure duniani kote. Matibabu ni miezi 6 ao 12 kufuatana na hali ya mgonjwa. Hauambukizi kwa urahisi, na mtu akianza dawa, kwa muda mfupi haambukizi tena. Congo bado ni kati ya inchi zinazopata wagonjwa wapya wengi kila mwaka.

Dalili ya mapema ni baka lenye rangi iliyopungua ao nyekundu-nyekundu, ambalo halisikii: unaligusa na unyoya ao pamba, mtu hajui. Haliwashi, haliumi. Wakati huo ndio mzuri wa kwenda ku kituo cha afya. Ukoma hauli vidole kama watu wanavyosema. Unaua mishipa ya fahamu. Mtu anashika sufuria ya moto bila kusikia, anatembea na mwiba mu mguu juma nzima, na kidonda ndicho kinachoharibu vidole na nyayo. Miaka ya kujificha ndiyo inayoleta ulemavu, na ulemavu hauponi na vidonge.

Kuna jambo moja ambalo wagonjwa wanapaswa kuambiwa siku ya kwanza. Dawa moja kati ya zile tatu, klofazimini, inaweza kufanya ngozi iwe nyeusi zaidi kwa muda, na nyingine, rifampisini, inafanya mkojo kuwa mwekundu. Asiyeambiwa anaogopa, ao anachoka na maswali ya majirani, anaacha dawa. Rangi ya ngozi inarudi polepole kiisha matibabu kumalizika. Kuacha dawa njiani ndiyo hatari.

Tahadhari na pomadi za soko

Mwenye haya hapitii ku kituo cha afya. Anapita ku meza ya soko, anaonyesha doa haraka, anauziwa pomadi. Nyingi za pomadi zinazosifiwa "kuangaza ngozi" zinakuwa na kortikoidi kali, hidrokinoni ao hata zebaki. Kortikoidi inatuliza kuwasha siku chache, na mtu anafurahi. Lakini kama ilikuwa upele ao kuvu, ugonjwa unaenea chini kwa chini na sura yake inabadilika, hata munganga anapata shida kuutambua. Ukiitumia miezi mingi, ngozi inakuwa nyembamba, inachanika, inatokewa na mistari na chunusi. Zebaki inaweza kuharibu figo. Ukienda kwa munganga, peleka kile kichupa ulichotumia. Hakuna haja ya kuona haya: kitamsaidia kujua dawa gani ya kukupa.

Familia inaweza kufanya nini

Kuuliza kwa siri, si mbele ya wageni. "Yaya, hii kitu inakuumiza? Inakunyima usingizi?" ni tofauti sana na "Hii nini tena kwa uso yako?"

Kusindikiza. Mtu aliyeenda peke yake na kupewa jibu lisiloeleweka hatarudi. Wawili wanasikia vizuri kuliko mmoja.

Kurudisha kikombe. Kama ugonjwa hauambukizi, mkubwa wa nyumba anywe ku kikombe kimoja na mgonjwa mbele ya watoto wote. Kitendo hicho kinafundisha kuliko maneno.

Kutenga kwa heshima, kama munganga ameomba. Kumtenga mgonjwa wa mpox si kumtupa. Apewe tarehe, si "mpaka utakapopona". Aletewe chakula kilekile ambacho wengine wanakula, apigiwe simu kila siku, na watoto waelezwe kwamba papa ao mama atatoka.

Kusema na mwalimu. Mutoto mwenye vitiligo ao egzema anaweza kulindwa na maneno mawili ya mwalimu mbele ya darasa: "Haiambukize. Hatumuchekake mutu juu ya ngozi yake."

Na mgonjwa mwenyewe, atafute mtu mmoja wa kumwambia kweli yote. Ajitayarishe pia na jibu fupi kwa wale wanaouliza njiani, kama vile: "Ni ugonjwa wa rangi ya ngozi, hauambukize, niko natibiwa." Mwenye jibu tayari haogopi sana kutoka nje.

Wakati wa kutafuta msaada bila kungoja

Kama mtu halali tena, hali, haongei na watu wa nyumba, ameacha kazi ao masomo, ao anasema "heri nife", hapo moyo nao umegonjwa na unahitaji munganga wake. Usimwache peke yake, na usimwambie kwamba ni kukosa imani. Kituo cha afya kinaweza kumsikiliza na kumtuma mbele. Ku Bukavu kuna SOSAME, ku Goma kuna Tulizo Letu, vituo vinavyohudumia afya ya akili. Kwenda pale si kusema kwamba mtu ni mwenda wazimu.

Kwa vijiji vilivyo mbali, anzeni na reko, wale wajitolea wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Waonyesheni baka lisilosikia, vipele vinavyokuja na homa, ao kuwasha ambako kumeshika watu wawili ao watatu mu nyumba moja. Na kama kuna jirani yenu ambaye ameacha kutoka nje tangu ngozi yake ilibadilika, mpiteni kumwona juma hili, na mkifika, mumupe mkono.